Upande wa Magharibi wa Kichuguu

Ilembo, Mpanda
14 Juni 1997

Dada yangu Pudensiana,

Shikamoo. Na shemeji Silvester mwambie ya kwake ipo humu humu, asije akasema nimempita. Sisi huku wazima. Dina anaota meno, amekuwa mkali kama bibi aliyempa jina. Fabiani katimiza miaka mitano, na kila treni ikipiga honi pale stesheni ananiuliza kama mama mkubwa kashuka. Namwambia bado. Baba yao Deusdedit yuko Litapunga kwenye tumbaku, wanachambua majani. Jumamosi anakuja na baiskeli ananuka moshi mpaka mtoto anamkataa.

Barua yako ya Pasaka nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Kurasa mbili, dada, umeniandikia mvua ya Kilosa, mahindi ya jirani na harusi ya binti wa stesheni masta. Wewe mwenyewe hukujiandika. Ila mwandiko ni wako, nimeshukuru.

Sasa la huku. Welfea unaikumbuka? Jumba letu la mikutano na michezo ni lile lile, milango ya kijani, redio ya ukutani ilishakufa, wazee wanacheza bao kwenye kibanda chao. Mwezi wa tano wakaitisha mkutano kwamba michezo pale ipanuliwe. Uwanja wa mpira urefushwe ufike kipimo cha ligi ya wilaya, kuwe na mpira wa wavu, vijengwe vyumba vya kubadilishia nguo. Watu tukapiga makofi. Wiki iliyofuata nikapita na Dina mgongoni, nikaona goli jipya limesimama pale pale ilipokuwa pete yako ya netiboli.

Nilisimama kama mtu aliyerudi kwao akakuta mlango umehamishwa. Pale ndipo nilikuwa nakaa nakushikia kandambili zako, nakuona unaruka na ile sketi ya bluu bibi aliyokushonea kwa pazia.

Mkutano uliofuata akasimama mama Nyanzala. Huyu humjui, ni Msukuma, walihamia na ng'ombe wao baada ya wewe kuondoka, na mume wake ni Mabula.

"Nyie mmemeza kiwanja cha wanawake mchana kweupe," akasema. "Sasa semeni mtakitapikia wapi."

Watu walicheka, lakini mahali pakapatikana, nyuma ya jumba, kati ya ukuta na kichuguu. Na mimi wakaniingiza kwenye kamati ya upanuzi, eti mwandiko wangu unasomeka. Mimi wa darasa la saba, dada, naandika mihutasari.

Shida ni udongo. Pale nyuma ni mchanga mtupu, mguu unazama. Mwenyekiti wetu Mzee Ponsian, aliyefanya kazi za reli miaka thelathini, anasema hakuna udongo wa kushika kama wa kichuguu. Unapondwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa, ukikauka unakuwa kama saruji. Na ramani aliyochora Mwalimu Methusela inataka kichuguu kiondoke chote, maana kiwanja kinaanzia ukutani kwa jumba kinaelekea machweo hatua thelathini, kinapita hapo hapo kilipo.

Ni kichuguu chako. Bibi Dina alikukabidhi mbele za watu kabla hujapanda treni, na watu wanajua, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kugusa na jembe. Nimetumwa nikuulize. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Tukikosa udongo, pale panakuwa pa wavu wa vijana, na sisi wanawake tutarudi kuwatazama waume zetu wakicheza.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Dafrosa


Kilosa
6 Julai 1997

Mdogo wangu Dafrosa,

Marahaba. Silvester naye ameitikia, akasema mtu wa kamati asalimiwe akiwa amekaa. Tuko wazima. Yeye na gengi lake wanabadilisha mataruma ya reli njiani huko, nyumbani namwona Jumapili. Mimi niko na cherehani yangu barazani. Mwambie Fabiani mama mkubwa anashona, nguo za watu zikiisha atapanda treni.

Umenikumbusha sketi. Unajua pazia lile lilitoka parokiani? Masista walipobadilisha mapazia bibi akaomba moja, hawakujua litaishia uwanjani. Upande mmoja lilikuwa limefifia kwa jua, kwa hiyo nikigeuka sketi inabadilika rangi, na wasichana wa Litapunga wakawa wananiita Kinyonga. Niliwachukia kwa jina lile. Sasa hapa Kilosa hakuna hata mtu mmoja wa kuniita hivyo.

Na fainali ile ya mwaka themanini na moja? Ulikuwa na miaka saba, sijui kama unakumbuka. Tulikuwa mbele kwa mabao manne. Kipindi cha pili tukageuziwa upande wa machweo. Jua la saa kumi na moja limekaa ndani ya pete kama kiini cha yai. Natupa mpira, nasikia umegonga chuma, naona moto tu. Tulishindwa kwa bao moja na mtaa mzima ukasema Puden kachoka. Sikuchoka. Tulifungwa na jua. Aliyekilaza kiwanja kile mashariki kwa magharibi hakuwahi kucheza jioni hata siku moja.

Leo nimeona kumbikumbi wa kukaanga sokoni, wamefungwa kwenye karatasi, sikununua. Nikakumbuka bibi anavyofunika matundu ya kichuguu kwa matawi na blanketi, anatupa debe na vijiti, tugonge taratibu kumbikumbi wadhani mvua imeanza, watoke. Wewe ulikuwa huna subira. Unagonga kama ngoma ya harusi, na bibi anakwambia, hiyo si mvua, mjukuu wangu, hayo ni mafuriko, watakaa ndani wasali.

Kuna mtu kaja kuchukua gauni la Komunyo. Habari ya kichuguu nitakuandikia siku nyingine.

Dada yako,
Pudensiana


Ilembo, Mpanda
27 Julai 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Jino la Dina limetoka, moja, na ameshaling'atia bega langu. Fabiani alishikwa na homa siku nne, sasa anakimbia.

Umenijibu yote ambayo sikuuliza. Nimecheka na kulia kwa Kinyonga, nikamsomea mama Nyanzala, sasa anapita mlangoni anaita, mdogo wake Kinyonga hujambo. Nikakumbuka na debe, na mkono wa bibi juu ya wangu unanipunguza kasi. Lakini kamati haikunituma sketi wala kumbikumbi, dada.

Udongo una wakati wake. Inabidi uchimbwe, ukanyagwe mwezi wa tisa, ukauke kabla ya mvua. Mabula amekubali kuleta zizi zima likanyage. Na ng'ombe hao hao mwaka jana walikamatwa wakafungiwa kwa kupita uwanjani. Mabula anasema kama sasa ng'ombe wake wamekuwa wanamichezo, wapewe jezi. Mzee Ponsian ameshapata bomba mbili za kisima kilichokauka, ndizo nguzo, na pete zimekunjwa kwa nondo. Kila kitu kipo, kinasubiri neno lako.

Kama hutaki, andika hutaki. Siwezi kuwapelekea hapana yako wakati wewe hujaisema. Miaka kumi na tatu hujarudi, hata kumzika bibi aliyetulea hukuja, na sijakuuliza. Ulikuwa na yako, nikasema, mkubwa hahojiwi. Hili nauliza kwa sababu nataka Dina akikua awe na pahali pa kuruka. Mimi sikuruka. Mimi nilishika kandambili.

Nisamehe kama kalamu imekosa adabu.

Dafrosa


Kilosa
17 Agosti 1997

Dafrosa,

Marahaba. Tuko wazima.

Chimbeni upande wa mashariki, chukueni mnachotaka. Upande wa magharibi, chini kwenye mguu wa kichuguu palipo na jiwe jeupe, jembe lisifike na ng'ombe wasipite.

Kama kiwanja hakiwezekani bila kupagusa hapo, waambie nimekataa. Na wewe unisamehe.

Usiniulize. Silvester naye asiandikiwe neno juu ya jambo hili.

Pudensiana


Ilembo, Mpanda
7 Septemba 1997

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Watoto wazima, baba yao mzima, nimemaliza salamu.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya kikao. Wewe sikukuuliza, umekataza. Nilikwenda kwa mama mkubwa Monika. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamwambia tu, mama mkubwa, jiwe jeupe la kichuguuni ni la nini? Akauweka ungo chini. Akaangalia kama kuna mtu nyuma yangu, hakuna, ni Dina tu.

"Pale amelala mtoto wa dada yako," akasema. "Alizaliwa hakulia. Bibi yenu alimzika mwenyewe, wanaume hawakuitwa, mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Silvester alikuwa bado hajaja huku. Wewe siku hiyo uliambiwa uende ukacheze."

Na mimi nikakumbuka. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alinipa mpira wako, ule ambao ulikuwa huniachii hata niuguse, akaniambia nenda Welfea, cheza mpaka nikuite. Nilifurahi, dada. Mchana kutwa nilifurahi, nikajua kwamba sasa umenipenda. Sikujua furaha ile inatoka wapi.

Nimeandika mara hii moja, sitarudia. Ukishasoma tia jikoni.

Sasa nikueleze kikao, maana hapo ndipo nilipokwama. Kuwaambia ukweli ni kukuanika. Nikisema ni mzimu, Mwalimu Methusela atacheka. Nikisema dada kakataa, wavu unashinda. Nikakaa nanyonyesha, nafikiri, sioni mlango. Nikachukua barua yako ya mwezi wa saba niisome tena nipate usingizi. Tulifungwa na jua. Dada, nilimshusha mtoto titi likiwa bado mdomoni, nikaenda uani kutazama jua linazama wapi.

Kesho yake nikaomba kikao kifanyikie nje, saa kumi na moja na nusu, pale pale panapotakiwa kiwanja. Mzee Ponsian akauliza kwa nini, nikasema ndani kuna joto. Nikamwomba Mabula apande juu ya kichuguu ashike mti mrefu wenye ile pete ya nondo. Nikamwambia Mwalimu, wewe ndiye uliyechora, tuonyeshe mfano, tupia.

Akatupia. Akakosa. Akavua kofia, akakosa. Mara ya tano mpira ukaenda kwa wazee wa bao, mara ya saba ukampiga Mabula mdomoni. Mama Nyanzala akawa amekaa chini kwa kucheka. Akasema ng'ombe wao wa maziwa angekuwa na mikono, angeshafunga mawili.

Mwalimu akaweka kiganja juu ya macho. "Lakini jua hili jamani."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema. "Jua hili lipo kila jioni. Na sisi wanawake asubuhi hatuna nafasi ya kucheza."

Nikawaambia kuna timu ya hapa hapa ilishawahi kupoteza fainali kwa kuelekezwa machweo, na wengine walikuwepo, wakaanza kunong'ona jina lako. Nikasema kiwanja kigeuzwe, kilale kusini kwa kaskazini, jua liwe ubavuni. Kikilala hivyo hakihitaji kupita juu ya kichuguu. Kitakata upande wa mashariki tu, na udongo wa hapo unatosha. Mwalimu akachora chini kwa kijiti, akapima, akakubali ni kweli, akasema hata yeye alikuwa anafikiria hivyo. Tukamwachia.

Kasoro ilikuwa moja. Kikigeuzwa, mwisho wa kusini unaingia kwenye kibanda cha wazee cha bao. Mzee Ponsian pale ana kigoda chake, hakuna anayekikalia hata akisafiri. Watu wote wakamgeukia. Yeye hakuangalia kibanda, aliangalia kichuguu, halafu mimi, muda mrefu mpaka nikajifanya namfunga Dina khanga.

"Ni jua tu, binti?"

"Ni jua, mzee."

"Basi kibanda kina miguu minne," akasema. "Kinaweza kutembea."

Sijui anajua nini, dada. Amekaa Ilembo siku nyingi.

Walipoondoka nikapima mimi, kwa miguu yangu, mara mbili. Kutoka mstari wa kiwanja mpaka jiwe jeupe ni hatua tisa. Kati yake na wachezaji kuna kichuguu kizima kimesimama. Jembe halitafika.

Lala salama.

Mdogo wako,
Dafrosa


Kilosa
26 Oktoba 1997

Mdogo wangu, mama Fabiani,

Marahaba. Tuko wazima, ila cherehani imekatika mkanda na mimi nimechoka choka, sijui ni joto.

Barua nimeitia jikoni kama ulivyosema. Niliisoma mara nne kwanza.

Jambo lile sitaliandika, nikianza sitafika mwisho. Nakwambia moja tu. Nilikuwa nausikia mpira. Nimelala chumbani kwa bibi, dirisha limefungwa, na nasikia mtu anaupiga ukutani kwa Welfea, anaudaka, anaupiga tena, mchana kutwa. Miaka yote hii najiuliza alikuwa nani yule mwenye moyo wa kucheza siku ile. Wakati mwingine nilimchukia, maana hakunyamaza. Wakati mwingine naona ndiye aliyenishika, nikawa nahesabu, nasema akidaka tena na mimi nitavuta pumzi tena. Kumbe ni wewe. Afadhali ni wewe.

Mzee Ponsian msalimie. Mwambie Kinyonga anashukuru kwa kibanda.

Halafu nina ombi. Pale mlipochimba, nichukulie udongo wa ndani kabisa, ule mwekundu laini usio na mchanga, kipande kama ngumi ya Fabiani. Hapa sokoni wanauza wa kuchomwa, unanuka moshi, sitaki hata kuuona. Usimwambie mtu. Ni hamu tu.

Dada yako,
Pudensiana


Ilembo, Mpanda
7 Desemba 1997

Dada yangu,

Shikamoo na shemeji shikamoo. Barua yako imetembea mwezi mzima, bahasha imefika imelowa na kukauka. Redioni wanasema mvua za mwaka huu zina jina, El Nino, na huku kwetu imeshanyesha mpaka bata wanatafuta pa kujikinga. Watoto hawajambo. Dina anasimama akishika kuta.

Umeandika ni hamu tu. Sawa, dada. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kwa Fabiani na kwa Dina nilikula udongo wa kichuguu hicho hicho, najua hamu hiyo inampata nani na inamwanza mwezi wa ngapi. Sitauliza wala sitahesabu. Tumbo halitangazwi. Udongo nimeuchimba kwa mkono wangu siku ile ile barua ilipofika, si ngumi moja, ni tatu, nimeufunga kwenye kitambaa cha bluu ambacho ukikiona utakijua, kilikuwa kwenye sanduku la bibi. Mzee Ponsian kampa mhudumu wa behewa anayemwamini, atakupa mkononi stesheni ya Kilosa, reli ikiwa nzima.

Sasa kaa nikwambie kiwanja. Ng'ombe wa Mabula walikanyaga siku mbili. Ungewaona wanazungushwa kwenye mistari kama wanafunzi wa mchakamchaka, Mabula katikati anaimba Kisukuma, watoto nyuma wanamwaga maji, sisi wanawake tunaokota samadi kabla haijakanyagwa. Kisha tukasiriba kwa samadi na majivu, kwa mikono, tumepiga magoti mstari mzima, watu ishirini na wawili. Mama mkubwa Monika alikuja naye na mgongo wake. Alisiriba ile kona ya karibu na kichuguu, hakutaka kusaidiwa.

Mvua kubwa ilipokuja uwanja wa wanaume ulichimbika makorongo, goli moja likainama kama mlevi. Chetu maji yalipita juu yakaenda zake. Mwalimu Methusela anawaeleza wageni kwamba siri ni kipimo cha ramani.

Mechi ya kufungua tulicheza na Litapunga, jioni, jua ubavuni. Na mimi nilicheza, dada. Nimeruka. Wamenipanga ufungaji kwa sababu ya jina lako, si kwa sababu najua. Fabiani ndiye aliyeshika kandambili zangu. Walitufunga kumi na moja kwa tisa, na safari hii hatuna wa kumsingizia. Lakini mabao sita katika tisa ni yangu.

Watu walijaa juu ya kichuguu kama kimejengwa kwa kazi hiyo. Mgongo uliobaki umekuwa jukwaa. Upande wa magharibi nimepanda ua wa minyaa kuzunguka jiwe. Watu wanadhani ni ya kuzuia mbuzi, nimewaacha wadhani. Katikati ya mechi mawingu yakafunga, matone machache, na kumbikumbi wakatoka. Wakatoka kwa wingi kutoka kichuguu chako, wakaruka juu ya kiwanja chote, refa akapuliza filimbi hakuna wa kumsikiliza. Litapunga na sisi, wote tumekimbilia khanga zetu tunazitandika chini, mtu anafunga bao huku ana kumbikumbi mdomoni. Hakuna aliyegonga debe. Nilimshika Dina mkono nikamgongesha kwenye bomba la nguzo, taratibu, kama bibi.

Ukipata udongo niandikie neno moja.

Dafrosa


Ilembo, Mpanda
22 Februari 1998

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui hata kama barua ya Desemba ilifika. Wanasema reli imekatwa na maji huko kwenu, na mifuko ya posta imelala mabehewani. Kila Jumapili naweka nia yako kwenye misa, padri anasoma tu, kwa ajili ya dada aliye mbali.

Sisi wazima. Dina anatembea. Jana alitembea kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile, akaanguka mara tano, hakulia hata mara moja. Nikaogopa, dada, sijui kwa nini. Nikamwinua nikamfinya kidogo, alie. Akalia. Nikamkumbatia.

Hata ukiandika jina lako tu kwenye karatasi.

Dafrosa


Kilosa
24 Mei 1998

Mdogo wangu Dafrosa,

Salamu nyingi, na pole kwa kimya. Barua zako mbili nimezipata siku moja, na udongo ulitangulia, mwezi wa pili, umekuwa tope ndani ya kitambaa. Niliuanika dirishani nikaumaliza. Kitambaa nilikijua.

Silvester nimemwambia yote, kuanzia jiwe jeupe. Siku nzima alichonga mpini wa nyundo ambao haukuwa na kasoro. Jioni akaniuliza, kutoka relini ni mbali? Nikasema si mbali. Akasema basi siku tukienda, kabla ya kufika kwa mtu yeyote, tupite pale kwanza.

Tarehe kumi na tisa mwezi huu nimejifungua mtoto wa kike. Alilia, Dafrosa. Alilia kabla hawajamfunga kitovu, akalia anapooshwa, akalia mpaka mkunga akasema huyu kaja na kesi. Wanawake wa kota za reli walikuwa wananiambia mnyamazishe, mpe titi. Mimi nilimwacha. Nilimsikiliza kwanza.

Mwezi wa nane, njia ikikauka, tunapanda treni wote watatu. Mwambie Fabiani asimame stesheni, safari hii nashuka. Kucheza sitacheza, magoti yamekwisha. Lakini jioni mtakapoanza mtanipisha nipande juu ya kichuguu, nikae ukingo wa magharibi, yule wa kwanza pale chini kwenye minyaa yako, mdogo wake mapajani kwangu, na jua mgongoni kwetu sote, tuwatazame.

Dada yako,
Kinyonga